Zuhura, nauli ya kurudi je?

Korogwe, Jumanne usiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, ila goti la bibi yako limemrudia tangu mvua zianze, na yule mbuzi mwenye baka jeupe amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Mama yako anakusalimu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikifika kwenye jambo lenyewe unaniambia, "Baba, salio linaisha," na mimi nikikasirika nakata kabla halijaisha. Karatasi haina salio. Nitampa kaka yako Salimu aipige picha akutumie.

Jambo lenyewe unalijua. Umekata tiketi ya kwenda Kampala kwenye mashindano ya sataranji, ya kurudi hujakata. Nimekuuliza mara mbili, mara zote mbili umesema utarudi kwa hela ya zawadi. Nani alikuambia zawadi ni nauli? Zawadi wanapewa watu watatu, labda watano. Wanaokuja kucheza ni wangapi? Na wewe mwenyewe uliniambia Waganda wamewatangulia, huko watoto wanaanza wakiwa shule ya msingi. Sasa unakwenda nyumbani kwao kuwanyang'anya nauli.

Usidhani sikuamini. Jina lako lilipotoka kwenye ile orodha nilikwenda nayo kijiweni pale stendi. Mzee Shemdoe akavaa miwani, akalisoma, akaivua akaifuta, akalisoma tena. Hakusema kitu. Akaninunulia kahawa, na kwa mtu yule kahawa ni hotuba.

Lakini nirudi kwenye lile la kufungwa Dar es Salaam. Ulilia kwa mama yako, kwangu ukasema "nimeteleza tu". Nilikukemea, naomba unielewe vizuri, si kwa kushindwa. Nilikukemea kwa kusema kwamba Kampala utaucheza ufunguzi ule ule, zile hatua za mwanzo. Ndipo nikataka kuona kwa macho yangu. Ulipokuja Idi uliacha karatasi yako ya mchezo chini ya redio. Juzi umeme ulipokatika nikawasha taa ya sola, nikatandika ubao wako wa zamani mezani. Malkia mweusi hayumo, sijui mlimpoteza wapi, nikaweka kizibo cha soda. Farasi mmoja hana sikio. Nikafuata hatua moja moja, kidole cha kushoto kwenye karatasi, mkono wa kulia kwenye kete. Mama yako akapita akauliza, "Unacheza na nani?" Nikamwambia nacheza na mwanao.

Nimekubali kwamba ni ufunguzi wa watu wenye roho. Askari wa safu ya c anatoka, mnaita Sisilia, halafu farasi, halafu yule askari wa a, mnaita Najdorf. Mweupe anapeleka askofu wake mraba wa g5 na askari wake f4, anakuja na panga kabisa. Mtu mwoga angemficha mfalme. Wewe hatua ya 7 unamtoa malkia, b6, macho yote kwa askari wa b2 ambaye hana mlinzi. Yule mnayemwita askari wa sumu. Sumu imeandikwa kwenye jina, Zuhura! Dukani ukikuta chupa imeandikwa sumu unainunua ukainywe?

Sawa, najua utasema haui ukijua kumla. Ngoja nimalize.

Yule msichana uliyecheza naye Dar hakusogeza malkia wake kama kilivyo kitabu chako. Alisogeza askari wa pembeni kabisa, mraba mmoja. a3. Hatua fupi kuliko zote kwenye ubao. Na pembeni mwa karatasi umeandika saa, kwa hiyo najua ulikaa muda gani kumjibu: hata nusu dakika haikufika. Ukala b2. Mwandiko wa hatua ile ni mstari tu, mtu anaandika huku anatabasamu. Kisha farasi wake akaenda a4.

Niliweka kidole juu ya kile kizibo nikaanza kukitafutia njia. Arudi b6 alikotoka? Farasi wa a4 anapaona. c3? Farasi huyo huyo. b5? Farasi wa katikati. b3? Huyo wa katikati tena, na askari wa c yuko tayari. b4? Hapo ndipo niliposhtuka, maana aliyekuwa analinda b4 ni yule askari mdogo wa a3, ambaye wewe ulimwona hana kazi. Nikajaribu kula kila kinacholika, kila kimoja kina mwenyewe. Miraba yote nimeihesabu mara tatu, taa ikaanza kufifia. Malkia ameingia chumba cha kulia chakula na mlango umefungwa nyuma yake. Ukamtoa kwa ngome moja, ukajikokota mpaka hatua ya 26. Kujikokota kule nimekupenda. Wengine wangeinuka palepale.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Hukushindwa na mtu aliyekuzidi akili. Umeshindwa kwa sababu mkono wako ulikuwa unakumbuka, macho hayakuwa yanatazama. Kitabu kilisema hatua ya 8 kula, ukala, na kilichobadilika ubaoni hukukiuliza. Kwenye drafti kula ni lazima, upende usipende, ndiyo maana ufundi wote wa drafti ni kumlisha mwenzio. Sataranji kula ni hiari. Mwalimu wako alinieleza hivyo siku ya kwanza alipokuja kukuombea ruhusa. Lakini drafti nilikufundisha mimi, miaka minne mizima kabla yake. Kwa hiyo sijui. Huenda mkono ule ni wangu.

Na yale maji niliyokuwa nakutuma kila ulipokaribia kunifunga, basi. Pipa lilikuwa limejaa.

Umeniambia kwenye simu kwamba Fischer mwenyewe, yule Mmarekani, alikuwa akimla askari yule. Haya. Nikaenda kwa kijana wa duka la simu anitafutie, akanichapia mchezo wa 11 wa Fischer na Spassky, wakigombea ubingwa wa dunia, Iceland, Agosti 1972. Mwaka ule mimi nipo darasa la kwanza, wakubwa wanazungumzia kifo cha Mzee Karume, habari za sataranji za Reykjavik zisingetufikia hata kwa bahati. Nimeucheza wote, na kizibo changu. Fischer amekula b2, malkia akakimbilia a3. Spassky hakumfukuza kwa pupa. Hatua ya 14 akamchukua farasi wake aliyekuwa c3 akamrudisha b1, pale pale alipoanzia mchezo. Nilidhani kijana amekosea kuchapa. Nani anamrudisha farasi nyumbani katikati ya vita? Kumbe kurudi kwake ndiko kunamsogeza malkia. Malkia akahangaika huko huko upande wa kushoto, b4, b6, b5, hatua kumi nzima, na aliyekuja kumla mwisho wake ni askari wa a. Yule yule wako. Hatua ya 31 Fischer akasalimu.

Na kijana akaniambia mchezo wa kwanza kabisa wa shindano lile, Fischer huyo huyo alipeleka askofu wake kula askari wa h2, mweupe akasogeza askari mmoja, askofu hakutoka tena. Mtu mwenye akili za ajabu, mara mbili katika shindano moja, amekula bila kuuliza nyuma kuna nini.

Utaniambia ubingwa aliuchukua yeye, kumi na mbili na nusu kwa nane na nusu. Najua, kijana pia aliniambia. Lakini Fischer alipokuwa anasuasua kwenda Iceland, tajiri mmoja Mwingereza, Jim Slater, aliongeza dola 125,000 kwenye zawadi. Wewe tajiri wako ni mimi, na gunia mbili za mahindi ambazo bado hazijakauka.

Nauli ya kurudi, Zuhura.

Na usinitajie tena Phiona Mutesi wa Katwe, huko huko Kampala. Namheshimu binti yule, alianza kwa kufuata kikombe cha uji kwa Robert Katende, mwalimu wake wa sataranji, 2012 akarudi na cheo kutoka Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul. Lakini uji ule aliufuata kwa miguu na akarudi kwao kwa miguu. Kutoka Kampala mpaka Korogwe utatembea?

Kuna jambo jingine nilisomewa siku ile, nimelala nalo siku tatu. Mimi nilidhani Najdorf ni mji, kama Sisilia ilivyo kisiwa. Kumbe ni mtu. Miguel Najdorf, Myahudi wa Poland. Mwaka 1939 alikwenda na timu ya kwao Buenos Aires, Argentina, kwenye Olimpiadi ya sataranji, kama wewe unavyokwenda, na begi la wiki chache. Wakiwa bado wanacheza, Septemba ikaingia na vita ikaanza, Wajerumani wakaivamia Poland. Akabaki huko huko. Mkewe, mtoto wake, wazazi wake, ndugu zake, wote waliuawa. Baadaye akawa anacheza na watu wengi kwa mpigo bila kutazama ubao hata mmoja. Mwaka 1943 mjini Rosario walikuwa 40, mwaka 1947 São Paulo walikuwa 45. Alitumaini magazeti yataandika, na kama kuna wa kwao aliyesalia atasoma ajue yuko wapi. Kijana alipofika hapo mteja akaingia kuulizia chaja. Mimi nikatoka bila kulipa, nikarudi kesho yake kumpa hela yake.

Kampala si Buenos Aires. Mama yako ameshaniambia, kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Najua pia kwamba tiketi isingemsaidia chochote mtu yule, meli zingempeleka wapi? Nimeandika tu kwa sababu unalitamka jina lake kila siku.

Wewe unaona mimi ni mzee mwenye wasiwasi. Habari za Mererani, kule machimboni, sijakusimulia na barua hii si yake. Nitasema tu kwamba mwaka 2006 niliaga nakwenda wiki tatu, nikarudi baada ya miezi kumi na minne, na si kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Simu niliiuza mwezi wa pili. Kila Ijumaa mtu anakuambia Jumatatu jiwe linatoka, na wewe ambaye huna hela ya basi ni rahisi sana kumwamini. Mwenye nauli mfukoni angeweza kucheka akaondoka. Na hela niliyoondoka nayo ilikuwa na kazi yake nyingine. Mwaka ule Salimu alikaa nyumbani. Hajawahi kuniuliza, naye sasa ana watoto wawili. Ndiyo huyu atakayepiga picha barua hii, na ataisoma, na iwe hivyo.

Basi nimefanya hivi. Yule beberu mweusi nimemuuza. Usipige simu kulalamika, ameshakwenda, na alikuwa anakula miche ya mama yako. Hela ya kurudi ipo. Sitaituma kwa simu kwa sababu nakujua, ikiingia kwenye simu itakuwa hela ya viatu au ya kumkopesha mwenzako wa bwenini. Basi lenu likitoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye saa tano hivi litakuwa hapa Korogwe abiria wakila. Nitakuwa stendi, upande wa wauza machungwa. Usibaki ndani ukisikiliza muziki masikioni. Shuka. Nitakupa bahasha mkononi, nimeifunga kwa gundi na uzi. Ni ya tiketi ya kurudi, na ukifika Kampala kabla hata ya kuuliza chakula kiko wapi, uliza ofisi ya basi iko wapi, ukate. Kisha nitumie picha ya tiketi. Si ya ubao, si ya wewe na wenzako mmeinua vidole. Ya tiketi, tarehe isomeke.

Ukiikata, kale b2 zote za Uganda, sitasema neno. Nimekaa na ubao ule mpaka nimeanza kuona unachokiona. Mweupe akitoa malkia wake d2, kula. Akisogeza a3, weka mikono chini ya mapaja kama ulivyokuwa ukifanya utotoni, utazame kwanza. Nimefurahi kwamba mwanangu hachezi kwa kujificha. Mimi nilicheza drafti miaka thelathini kwa kusubiri mwenzangu akosee, na ndivyo nilivyofanya kazi kwenye mizani ya mkonge vilevile, na sijui kama ni sifa.

Mengine ni haya. Pasipoti iweke kifuani, si kwenye begi la juu. Kadi ya njano ya chanjo usiisahau, pale mpakani wanaiuliza, na mipaka ni miwili, Namanga na ule wa kuingia Uganda. Usibadilishe hela kwa vijana wanaokimbilia dirishani. Kuna baridi usiku baada ya Nairobi, Salimu anasema ukipita Nakuru utaitafuta kanga, chukua sweta. Ukicheza raundi ya asubuhi kula kwanza, usiende na chai tupu, Dar ulikula mandazi moja na mama yako amelikumbuka mpaka leo kana kwamba ndilo lililompoteza malkia.

Bati la jikoni limeanza kuvuja pale pale penye msumari wa zamani. Fundi anataka hela ambayo sasa ni bahasha, kwa hiyo tumeweka ndoo, mvua ikikolea tunaweka na sufuria. Si kitu. Mwanafunzi wako, mtoto wa jirani, anauliza farasi anaruka vipi, nimemwonyesha kwa yule asiye na sikio, ila nadhani nimemwonyesha vibaya. Bibi yako amesema usiku ule wa safari atakuombea, na mchana pia, ila anataka kujua huyo msichana wa a3 atakuwepo Kampala. Ukijua nijulishe, maana ameuliza mara nyingi kuliko mimi na nauli.

Mama yako atakupikia vitumbua na kuku wa kukaanga, nitakuja navyo stendi. Ataviweka kwenye hotpoti yake ya kijani, ile aliyopewa kwenye harusi ya dada yake mdogo. Amesema nikuandikie, na amesimama hapa mpaka nimeandika: hotpoti irudi, na kifuniko chake.

Baba yako